Pikipiki za Zamani kama Akiba: Hesabu Yangu Nikiwa Tabora

Mwezi Januari mwaka 2023, katika mnada wa kampuni ya Mecum mjini Las Vegas, Marekani, Harley-Davidson ya mwaka 1908 ya aina inayojulikana kama Strap Tank iliuzwa kwa dola 935,000. Miaka mitano kabla ya hapo, katika mji huohuo, kampuni ya Bonhams iliuza Vincent Black Lightning ya mwaka 1951 kwa dola 929,000. Habari za namna hii zikishafika kwenye makundi ya WhatsApp hapa Tabora, simu yangu haitulii, kwa kuwa watu wanafahamu kwamba ninahifadhi pikipiki kuukuu, na swali huwa lilelile: iko Honda ya marehemu baba stoo, au Suzuki ya mjomba aliyestaafu ubwana shamba, je, hiyo nayo si mali?

Jibu langu huwakera wengi. Uzee peke yake hauipandishi pikipiki bei, kwani zilizozeeka ni nyingi kuliko wanaozitafuta. Honda Super Cub ilianza kutengenezwa mwaka 1958, na ilipofika mwaka 2017 zilikuwa zimeshatoka viwandani milioni 100. Chombo kilichotapakaa duniani kiasi hicho hakiwezi kuwa adimu kwa sababu tu kimekaa miaka mingi chini ya mwembe. Kinachonunuliwa katika minada ile ni uchache, historia inayothibitika na, zaidi ya yote, uhalisi, yaani chombo kubaki na vifaa vilevile kilivyotoka navyo kiwandani. Vincent niliyoitaja ni moja kati ya takriban 30 tu zilizotengenezwa kule Stevenage, Uingereza, na ndiyo iliyoweka rekodi ya mwendo kasi ya Australia mwaka 1953.

Uzito wa uhalisi unaonekana zaidi katika mnada wa Bonhams wa mwaka 2016 uliofanyika Stafford, Uingereza. Ziliuzwa pikipiki kadhaa za Kiingereza aina ya Brough Superior zilizokuwa zimelala kwa miongo katika kijiji kimoja cha Cornwall, nyingine zikiwa vipandevipande, zote zimeshikwa na kutu, na mojawapo, yenye silinda nne, ilipata paundi 331,900. Mtu wa kawaida angeiona ile akaiita chuma chakavu. Mnunuzi aliiona kuwa chombo ambacho hakuna fundi aliyekipunguzia kitu wala kukibandika kitu, na kutu aliihesabu kuwa kazi ya kufanywa baadaye.

Hapo ndipo ugumu wa kwetu unapoanzia. Mkoa wa Tabora haukukosa pikipiki za maana. Reli ilifika hapa mwaka 1912, na njia ya Mwanza ikakamilika mwaka 1928, hivyo mizigo ya Dar es Salaam ilishuka stesheni yetu mapema kuliko miji mingi ya bara. Wamisionari, maofisa wa tumbaku wa Urambo, watu wa misitu na nyuki, pamoja na watumishi wa reli wenyewe, wote walihitaji chombo chepesi cha kupenya kwenye miombo ambako gari lingekwama. Zikaja za Kiingereza, zikaja Vespa, na baadaye zikaja za Kijapani, mojawapo ikiwa Yamaha AG100, ambayo wengi wetu tuliikuta kwa mabwana shamba: mnyororo wake umefunikwa wote usiingiwe na vumbi, ina stendi upande wa kulia na wa kushoto ili isimamishwe popote shambani, na ina keria mbele na nyuma. Ilisanifiwa kwa ajili ya wakulima na wafugaji, na sijaona chombo kilichozielewa njia zetu vizuri kuliko hicho.

Lakini pikipiki zilizobaki zimebaki kwa sababu ya ufundi, na ufundi huohuo ndio uliozipotezea uhalisi. Chukua Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Injini yake ilikuwa rahisi na ngumu kufa kiasi kwamba viwanda vya China viliiga muundo wake na kuusambaza kila mahali, na leo spea za muundo huo unazipata katika duka lolote linalohudumia bodaboda. Kwa hiyo CG125 ya Kijapani ikigoma, fundi haendi kutafuta pistoni ya asili. Hufungua injini nzima, hupachika ya Kichina kwa gharama ndogo, na ile ya asili huishia kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu. Rangi ya tangi ikipauka hupulizwa nyingine, nyekundu inayong'aa, na stika ya timu ya mpira juu yake. Kwa mtu anayetakiwa kufika Sikonge kesho asubuhi, fundi huyo ni mkombozi, wala sina ubavu wa kumlaumu. Kwa mkusanyaji, jioni moja ya kazi yake imefuta kitu ambacho hakirudishiki kwa fedha.

Ndiyo maana nikienda kutazama pikipiki sianzi kuuliza kama inawaka. Naanza kuuliza vifaa vilivyotolewa vilikwenda wapi. Katika mitaa ya Ng'ambo yuko mzee mmoja aliyestaafu reli, mwenye BSA Bantam ambayo huiweka uani chini ya turubai. Tangi lake lina kijani kilichopauka, na ubavuni bado yupo jogoo mdogo, nembo ya aina hiyo, amechubuka mkiani tu. Nilipoinama kutazama kabureta nilikuta ya Kichina, imebanwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli.

"Mzee, kabureta yake ya asili ilipotea lini?" nilimuuliza.

"Mwanangu, nani amekwambia imepotea?"

Akamtuma mjukuu ndani, naye akarudi na mkebe wa maziwa ya unga uliofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake, ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa cha kanga, ilikuwamo kabureta ya Amal iliyopakwa nta ya nyuki kila upande, pamoja na jeti zake, skrubu zake na kipande cha kebo ya mafuta. Nta ya nyuki huku kwetu si kitu cha kutafuta; yeye aliiyeyusha, akaipaka kwa brashi ya rangi, na chuma kikabaki kikavu miaka yote hiyo. "Ile ya Kichina ndiyo inayokwenda sokoni," alisema, "hii imestaafu kama mimi." Nilipouliza kuhusu kadi, alijibu kwamba hayo ni mambo ya bibi, na bibi yuko kanisani.

Mkebe ule una thamani kuliko rangi mpya na kromu mpya kwa pamoja, na ningependa kila mwenye pikipiki kuukuu aliyesoma hadi hapa auelewe utaratibu wa mzee huyo: badilisha unachotaka ili chombo kitembee, lakini usikiache cha asili kiondoke nyumbani.

Bantam yenyewe ina nasaba ya kuvutia. Ilianza kuuzwa mwaka 1948, na muundo wake ulitokana na DKW RT125 ya Ujerumani, ambao washindi wa Vita vya Pili vya Dunia waliuchukua kama sehemu ya fidia. Muundo huohuo ulitumiwa na Warusi, ukatumiwa na Harley-Davidson, na Yamaha ilipotengeneza pikipiki yake ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, iliufuata huo pia. Hata hivyo BSA ilitengeneza Bantam kwa wingi mpaka mwaka 1971, na kwa sababu hiyo hata iliyo nzuri huuzwa paundi elfu chache tu kule Uingereza. Ukijumlisha kreti, usafiri hadi Dar es Salaam, meli na ushuru wa huko iendako, biashara ya kuisafirisha imekufa kabla ya kuzaliwa. Inafaa kununuliwa na kuuzwa hapahapa Afrika Mashariki, kwa mtu anayeitaka.

Jambo moja huwachanganya wanunuzi wapya, nalo ni namba. Wamesikia kwamba namba ya fremu na ya injini lazima zilingane, basi wakikuta hazilingani wanadai wanaibiwa. Kwa Triumph za miaka ya 1960 wana haki ya kudai hivyo, kwa kuwa kiwanda kiligonga namba zinazofanana. BSA ya zamani hizo haikufanya hivyo. Namba zake za fremu na injini kwa kawaida zilitofautiana tangu kiwandani, na Bantam za mwanzo hutambulika kwa herufi YD zinazotangulia. Muhimu ni kukagua kama namba imeguswa. Safisha sehemu hiyo kwa mafuta ya taa na kitambaa, umulike kwa tochi kutoka ubavuni, uone kama chuma kimesuguliwa kwa tupa kabla ya kugongwa namba upya. Kama kimesuguliwa, aga vizuri uondoke.

Hali ya hewa ya Tabora ni rafiki wa nusu. Ukavu wetu hauli chuma kama hewa ya chumvi ya Dar es Salaam au Tanga, na nimekuta fremu za nusu karne ambazo kutu yake ni ya kufuta kwa mkono. Lakini ukavu huo hupasua mipira yote, kuanzia tairi na mabomba ya mafuta hadi sili za injini, na mchwa hawachagui. Siti yenye ubao chini yake wanaimaliza msimu mmoja wa mvua. Pikipiki isilazwe kwenye sakafu ya udongo, na petroli isiachwe ndani ya tangi, kwa sababu ikikaa sana huacha utomvu unaoziba kabureta.

Sasa hesabu yenyewe. Ng'ombe huzaa, lakini pikipiki ya akiba hula tu. Hati fungani ya serikali hulipa riba kila baada ya miezi sita, na kiwanja cha Ipuli unaweza kukilima mahindi huku ukisubiri bei yake ipande. Pikipiki haikupi chochote hadi siku ya kuiuza, na siku hiyo haina tarehe, maana soko la hapa ni dogo mno: wapenzi wachache wa Arusha na Dar es Salaam, na wa Nairobi, ambako maonesho ya Africa Concours d'Elegance, yaliyoanza mwaka 1970, hushindanisha magari na pikipiki. Kwa hiyo ada ya shule isiingie humu. Humu iingie fedha ambayo hata isiporudi kwa miaka kumi, sufuria itaendelea kuchemka.

Pia mapenzi ya wanunuzi huhama. Watu hununua uzeeni kile walichokitamani ujanani wakiwa hawana uwezo nacho. Waliozitamani pikipiki za Kiingereza za kabla ya Vita vya Pili wanazidi kupungua, na soko la nyingi kati ya hizo limepoa, wakati za Kijapani za miaka ya 1970, kama Kawasaki Z1 na Honda CB750 za mwanzo, zimepanda kwa nguvu. Mimi ningeweka fedha yangu kwenye Yamaha XT500. Ilitoka mwaka 1976, ina silinda moja kubwa ya kuwashwa kwa kiki inayoweza kukuvunja kifundo cha mguu ukiidharau, na ndiyo aliyoipanda Cyril Neveu aliposhinda mashindano ya kwanza ya Paris–Dakar mwaka 1979, akarudia mwaka 1980. Jina lake lilijengwa kwenye mchanga wa Afrika, na Ulaya inakusanywa kwa wivu. Ndugu zake wadogo, DT za injini ya kuchanganya oili, zilifika huku kwa wingi zaidi, na zile ambazo hazijafumuliwa naziona bado zinauzwa kama mitumba tu.

Karatasi zisipuuzwe. Pikipiki nyingi za zamani ni za marehemu, na kijana anayekuuzia si mmiliki hata kama ndiye aliyekuwa akiifuta vumbi. Dai kuonana na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, muandikiane, ndipo mwende TRA kuhamisha umiliki. Zile zilizokuwa za serikali ziwe na stakabadhi ya mnada au barua ya kukabidhiwa mtumishi. Kadi yenye namba za zamani zinazoanza na TZ usiikabidhi mtu bila kubaki na nakala iliyothibitishwa, kwa kuwa kwa mkusanyaji kadi hiyo ni sehemu ya chombo kama lilivyo tangi.

Anayeifahamu XT500 au DT ya miaka ile iliyolala misheni, kambi ya uvunaji magogo au ghala la tumbaku popote kati ya Nzega na Mpanda, yenye kadi, na injini ambayo haijabadilishwa, aniachie ujumbe hapa chini. Isiwake, si kitu. Asiipulize rangi tu.