Siku moja na wageni Lamu

Saa moja asubuhi. Chai ya tangawizi na mahamri mawili kibarazani, miguu nimeikunja ili punda wa mchanga apite. Mji wetu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na mizigo bado inabebwa na punda.

Saa mbili na nusu. Nawapokea gatini baba, mama na binti yao kutoka Nakuru. Boti ya Mokowe imewarushia maji, mama viatu vyote chepechepe.

Saa tatu. Ngome. Ilikamilika 1821, ikaja kuwa gereza hadi 1984. Baba anataka picha juu ukutani. Tunapanda, tunashuka.

Saa nne na nusu. Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, jengo la karne ya 18. Hapa sina haraka. Nawasimamisha dakani, ukumbi wa mlangoni, nawaambia wapige hodi. Wanacheka, lakini wanapiga. Wageni wa kiume zamani waliishia hapa, kwenye baraza za daka, na mlango wa ndani umepindishwa makusudi ili mpita njia asione kitu. Ukiingia mbio kama unakwenda sokoni, nyumba hii hutaielewa.

Bafuni binti anachungulia birika, tangi la maji ya kuogea.

"Kaka, mbona kuna samaki?"

"Wanakula viluwiluwi vya mbu."

Hataki kuondoka tena. Mama naye kaganda mbele ya zidaka, ndivyo Kiamu chetu kinavyoviita vidaka, safu kwa safu ukutani, plasta imechongwa kwa mkono. Vyombo vya Kichina vilipangwa humu ili mgeni ajue kafika kwa nani.

Saa sita. Posta ya Wajerumani, 1888 hadi 1891. Dakika kumi zinatosha.

Saa nane, baada ya wali wa nazi na samaki, tunaingia makumbusho ya ufukweni. Hapa kuna siwa, baragumu kubwa: ya Pate, kisiwa jirani, ni ya pembe ya ndovu, ya Lamu ni ya shaba. Zilikuwa zikipulizwa kwenye harusi na sherehe za wakubwa. Binti anauliza sauti yake ikoje. Nakunja viganja mdomoni, najaribu. Inatoka kama ng'ombe mwenye mafua. Baba anacheka mpaka anashika ukuta.

Saa kumi na moja nawarudisha botini. Mama amevua viatu kabla hata ya kupanda.

Magharibi niko nyumbani, simu imezima. Chaja iko palepale kidakani, kando ya sahani ya bibi yenye ufa.