Siku moja Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala: faili za wateja kuanzia asubuhi hadi jioni

Saa 2:00 asubuhi. Simu huwashwa kabla ya kompyuta, maana kazi za usiku zimo humo: nembo, kadi za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kutambulisha wachumba), ratiba za mazishi. Nembo ya kwanza imepigwa picha kwenye fulana, mikunjo na yote. Hiyo haisafishiki. Inachorwa upya, na kuchora kunalipiwa.

Saa 3:00. Picha ya jalada la A4 imekuja kwa WhatsApp. “Mbona kwenye simu iko safi?” Simu ni ndogo, bosi. Ili A4 ichapwe kwa nukta 300 kwa inchi, inataka pikseli 2480 kwa 3508. WhatsApp huibana picha ya kawaida. Upande mrefu mara nyingi hubaki kama 1600, yaani sentimita 13 na nusu hivi za uchapaji safi. Aitume upya kama hati, si kama picha.

Saa 4:30. Picha kumi zimebandikwa ndani ya Word. Usizinakili kwenye skrini. Tengeneza nakala ya faili, badilisha .docx iwe .zip, ifungue, ingia folda ya word, halafu media. Zimelala humo zote. Ukizikuta ndogo, Word ilishazipunguza. Omba za awali. Faili ya .doc ya zamani ihifadhiwe kwanza kama .docx.

Saa 6:00. Faili ya CorelDRAW (programu ya kubuni michoro) ya toleo jipya; la hapa ni la zamani, halifungui. Mbunifu aihifadhi kwa toleo la chini na ageuze maandishi kuwa michoro kwa Ctrl+Q. Asipogeuza, fonti ikikosekana, neno la Kiganda “eŋŋoma” (ngoma) linatoka “e□□oma”, na anayeligundua ni baba wa bibi harusi. Abaki pia na nakala isiyogeuzwa, maana michoro hairekebishiki tahajia.

Saa 8:00 mchana. Kadi ya A5, rangi imeishia ukingoni kabisa. Inatakiwa ipite milimita 3 kila upande: 154 kwa 216, si 148 kwa 210. Kisu kikiyumba kidogo tu, uzi mweupe unabaki.

Saa 10:00. Maandishi meusi ya Word yamegeuka wino wa rangi nne. Pleti (sahani za kuchapia, moja kwa kila wino) zikipishana kidogo, herufi ndogo zinaota kivuli. Yarudishwe kwenye wino mweusi peke yake.

Saa 12:00 jioni. Ujumbe mpya: kalenda nzima, miezi 12, picha za skrini.

“Nyabo, faili yenyewe iko wapi?”