Kindi wa Kileleshwa

Mwaka 2006 tulikuwa tukiishi Kileleshwa, mtaa wa Nairobi, katika nyumba ya wafanyakazi nyuma ya bungalo la zamani, wakati mafundi walipofika kukata mgrevilea uliokuwa mpakani ili kupisha ujenzi wa ghorofa katika kiwanja cha jirani. Shina lilipoanguka, tundu lililokuwamo lilipasuka na mtoto wa kindi akabingirika kwenye vumbi la mbao, mgongo ukiwa na manyoya machache, tumbo likiwa tupu, na macho bado yamefumba. Tulimweka kando ya ua hadi magharibi, kwa kuwa mama kindi hurudi kuwahamisha watoto kiota kinapoharibika, lakini misumeno haikunyamaza na mama hakuonekana.

Mjomba wangu, aliyekuwa akisomea udaktari wa mifugo Kabete, alitukumbusha kwamba sheria haimruhusu mtu kufuga mnyama wa mwitu bila kibali, nasi tukakubaliana kumlea hadi aweze kujilisha tu. Nilipotaka kumpa maziwa mara moja, alinizuia.

"Mpashe joto kwanza, mwanangu. Mtoto aliyepoa hawezi kumeng'enya chochote."

Basi tulimlaza ndani ya kasha la viatu, juu ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kanga. Maziwa ya ng'ombe yangemharisha, kwa hiyo Mama alitafuta ya mbuzi Kawangware, nami nikamnywesha kwa bomba dogo lililotolewa sindano, akiwa amelala kifudifudi ili maziwa yasimwingie mapafuni. Alilishika bomba kwa viganja vyote viwili, kucha zake nyembamba zikikwaruza plastiki, na tone likichelewa aliusukuma mkono wangu kwa pua. Kila baada ya mlo nilimpangusa chini ya mkia kwa pamba yenye maji vuguvugu, kwa maana kindi mchanga hawezi kukojoa mpaka alambwe na mama yake. Kazi hiyo, iliyoniweka macho usiku kucha, ndiyo iliyotuunganisha kuliko maziwa.

Mchana alilala ndani ya sweta langu, akaijua harufu yangu kabla hajaiona sura yangu. Macho yalipofumbuka, alipanda mkono wangu hadi shingoni bila hofu, ilhali mgeni akiingia alijificha kwapani mwangu na kutetemeka. Sikuwahi kumkamata kwa nguvu wala kumnyima chakula ili anitii, na ninaamini mnyama mdogo hazoeshwi kwa njia nyingine isipokuwa joto, harufu ileile na saa zilezile za kula.

Meno ya mbele ya kindi hayaachi kukua, hivyo alipoanza kutafuna mguu wa meza tulimpa vijiti, kisha mahindi mabichi na mapera. Alipoweza kubangua mbegu mwenyewe, Mjomba alitundika kasha la mbao kwenye mparachichi wa uani na kuacha mlango wazi. Kwa muda alirudi kulala humo na kuchukua pera mkononi mwangu. Baadaye akawa analichukua na kukimbia, na hatimaye akawa ananikwepa kama alivyomkwepa mtu mwingine yeyote. Nililia, lakini Mjomba alifurahi sana, akaniambia kwamba sasa hata paka wa jirani hangempata.