Dinosaria wa Sentimita 9

Nilifungua simu kutafuta kitu kingine kabisa, nikakuta kikapu changu cha duka la mtandaoni kina vitu 43. Magari matatu ya zimamoto, yote mekundu, yote yaleyale. Binti yangu ana miaka 5. Kusoma bado, lakini ile alama ya kikapu anaijua kuliko herufi za jina lake.

Kwanza niliifuta kadi ya benki iliyokuwa imehifadhiwa mle, nikaweka namba ya siri kwa kila malipo. Hilo halina mjadala. Kununua kwa kubofya mara moja kulibuniwa kuharakisha malipo, na mtu hapati nafasi ya kusita. Amazon walipewa hataza yake, yaani haki ya kuutumia ubunifu huo peke yao, Marekani mwaka 1999, ikaisha muda 2017, na siku hizi duka lolote linaweza kukuwekea. Mimi mwenyewe kumeshaninasa, sembuse mtoto.

Kikapu chenyewe nikataka kukimwaga, kidole kikiwa hewani, nikaona midomo ya binti yangu inaanza kutetemeka. Basi nikaleta rula.

Kulikuwa na dinosaria wa kijani aliyejaa kioo kizima, mdomo wazi. Binti yangu alishapanga atampanda. Nikamsomea maandishi madogo ya chini kule, ambayo hata watu wazima hatuyafikii: urefu sentimita 9. Akapima mwenyewe kwenye karatasi, akachora mstari kwa penseli, akalaza kidole chake pembeni. Akakaa kimya.

"Baba, mbona mdogo hivi?"

Jioni ileile akamtoa, bila chozi.

Sasa kila Jumamosi tunakaa na kikapu na rula. Kitu kimoja tu nilikitoa bila kumuuliza: sumaku ndogondogo za kujengea. Mdogo wake bado anatia kila kitu mdomoni, na sumaku zikimezwa zaidi ya moja huvutana ndani ya matumbo na kuyatoboa. Vingine ni uamuzi wake. Vingi hata havikumbuki. "Hiki nani kakiweka?" ananiuliza, kwa sauti ya afisa wa forodha, kana kwamba mtuhumiwa ni mimi.

Tumebakiza 11. Magari ya zimamoto yangali matatu. Juzi nikajaribu kumbembeleza abaki na moja.

"Na moto ukiwa mkubwa?"

Sikuwa na jibu, tukaruka kwenye kitu kinachofuata.