Ilipopotea Nilipolala

Jana usiku mdogo wangu alinipigia simu, saa ambazo si kawaida yake kupiga. Akazunguka kwanza: habari za kazi, maandalizi ya harusi yake, mambo ya shemeji. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Kaka, hivi ni kawaida korodani moja kuning'inia chini kuliko nyingine?" Nikamwambia ni kawaida kabisa, na kwa wanaume wengi inayoshuka zaidi ni ya kushoto. Nikasikia anashusha pumzi. Kisha akasema juu ya hiyo ya kushoto kuna kitu, kama mishipa imejikusanya. Nikaketi kitandani. Maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi mbele ya daktari, nikiwa na umri kama wake.

Wakati ule nilikuwa nasikia maumivu ya kuvuta, si makali, yakija jioni baada ya kusimama kutwa nzima. Siku moja nikiwa bafuni, mkono ukakutana na kitu laini kilichojikunjakunja juu ya korodani. Usiku huo sikulala. Nilikuwa nimeshajihukumu kansa.

Daktari alikuwa mtu mzima wa makamo ya baba yangu. "Shikamoo, daktari." "Marahaba, kijana wangu. Nini kinakusumbua?" Nikasema tumbo la chini. Akanitazama kidogo, akaenda kufunga mlango kwa komeo, akasema, "Shusha suruali, simama hapa mbele yangu." Ndipo nikamwambia ukweli: juu ya korodani ya kushoto kuna kitu, kama mishipa imejikusanya.

Akavaa glavu, akasugua viganja vipate joto. Hakuanza na upande ninaoulalamikia. "Tunaanza na nzima," akasema, "maana usipoijua nzima utaijuaje mbovu?" Akaushika mkono wangu mwenyewe, akaongoza vidole. Korodani ya kulia ilikuwa nyororo pande zote. Nyuma yake vidole vikapita juu ya kitu kama kamba laini, nikashtuka. "Hiyo ni yako tangu kuzaliwa. Ni mrija ambamo mbegu hukomaa. Wengi huja hapa mbio wakidhani ni uvimbe." Tukahamia kushoto. "Vuta pumzi, ibane, sukuma kama uko chooni." Nikasukuma, na chini ya vidole vyangu ile mishipa ikajaa, ikawa kama fungu la minyoo ndani ya mfuko.

"Sasa panda kitandani, ulale chali."

Nikalala. Akasubiri bila kusema neno, macho yake ukutani, nami nikihesabu mapigo ya moyo wangu. Kisha akaurudisha mkono wangu pale pale. "Kitafute." Nikatafuta juu, nikatafuta pembeni. Hakuna. Korodani tu, na ile kamba yake nyuma. "Simama." Nikasimama, na baada ya muda mfupi kikarudi.

Hapo ndipo akanieleza. Mshipa wa damu unaotoka korodani ya kushoto hupanda mpaka kwenye mshipa wa figo na kuungana nao kwa pembe mraba. Vali zake, yaani vimilango vya kuzuia damu isirudi, zikilegea, damu hurudi chini na kujaza mishipa, kwa hiyo ukilala inatiririka kwenda zake na uvimbe unapotea. Wanaume kama 15 kati ya 100 wanayo hali hiyo, na wengi wao hupata watoto bila shida. Uzazi ukichelewa, mbegu hupimwa, na ikibidi mishipa hufungwa kwa upasuaji. "Lakini ingekuwa imekuja ghafla," akasema, "au iko kulia peke yake, au imekataa kuondoka ulipolala, leo hii ningekupeleka altrasaundi, na figo zako ningeziangalia pia."

Kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa, nikauliza yote niliyokuwa nayo moyoni. Korodani moja kuwa kubwa kidogo? Kawaida. Uume kupinda kidogo ukisimama? Kawaida, ila ukianza kupinda ukubwani, pamoja na maumivu au kigumu ndani yake, nenda ukaonwe. Vipele vidogo vilivyojipanga kuzunguka kichwa cha uume? Si ugonjwa, wala haviambukizi. La ukubwa niliona haya kuliuliza. Nililisoma baadaye: mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walikusanya vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000, wakapata wastani wa sentimita 13 hivi uume ukiwa umesimama. Natamani mtu angetuambia hilo mapema, tusiishi na fedheha isiyo na sababu.

Kabla sijatoka akanishika bega. Korodani ikiuma ghafla na vikali, usingoje asubuhi: huenda imejisokota, na kuna takriban saa 6 za kuiokoa. Na uvimbe mgumu kwenye korodani yenyewe, hata usipouma, njoo. Hili la pili ndilo lililonikaa, kwa sababu mimi maumivu ndiyo yaliyonipeleka. Kansa ya korodani huwapata zaidi vijana, na mara nyingi haiumi. Lance Armstrong, mwendesha baiskeli, aligunduliwa nayo mwaka 1996 akiwa na miaka 25, ikiwa imeshafika kwenye mapafu na ubongo, na hata hivyo akapona. Ikiwahiwa, zaidi ya 95 kati ya 100 hupona.

Haya yote nimemweleza mdogo wangu, nikamwambia aende akapimwe akiwa amesimama na akiwa amelala. Sikumwambia "ni kama yangu". Vidole vyangu havijui kilichoko kwake.

Kuna jambo moja sijapata jibu lake. Yule daktari alinishauri nijikague mara kwa mara baada ya kuoga, mfuko ukiwa umelegea. Baadaye nikasoma kwamba wapo wataalamu wa Marekani wasiopendekeza mwanaume asiye na dalili ajikague kwa ratiba, kwa sababu faida yake haijaonekana, na hofu na vipimo visivyo vya lazima vipo. Nauelewa ushauri wao, na huenda wana haki. Mimi bado najikagua. Mdogo wangu akiniuliza na hilo, nitampa kauli zote mbili, achague mwenyewe.