Mchota Maji na Mwenye Kutakaswa kwa Maji: Tafakari ya Wiki

Ndugu katika Dhamma, mafundisho ya Buddha,

Anayejifunza Kisanskriti hukutana mapema na maneno matatu yanayokaribia kufanana: jalaja, jalada na jaladhi. Jala ni maji, na silabi inayofuata ndiyo inayoamua kinachotajwa. Kilichozaliwa majini, jalaja, ni yungiyungi. Chenye kutoa maji, jalada, ni wingu. Chenye kuyahifadhi, jaladhi, ni bahari. Ukiweka vāri mahali pa jala, kwa kuwa nalo pia ni maji, utapata vārija, vārida na vāridhi kwa maana zile zile. Sisi husema mchota maji, tukimtanguliza mtenda; Kisanskriti, na dada yake Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, hutanguliza maji, kisha hueleza kila kitu kina uhusiano gani nayo. Katika maandiko ya Kipali uhusiano huo ndio unaopimwa, na maji yenyewe hayasifiwi wala hayalaumiwi.

Tuanze na vārija. Katika Suttanipāta, mkusanyiko wa kale wa mafundisho, neno hili ni yungiyungi lenye bua la miiba, lisilochafuliwa na maji wala matope. Katika ubeti wa 34 wa Dhammapada, kitabu cha beti za Buddha, neno hilo hilo ni samaki aliyetolewa katika makao yake ya maji na kutupwa nchi kavu, na hivyo ndivyo akili inavyopapatika inapotaka kutoka katika himaya ya Māra, mshawishi anayewafunga watu katika tamaa na mauti. Ubeti huu haumbembelezi anayeanza kutafakari. Akili iliyozoea tamaa itaona kutolewa humo kama kufishwa, na kupapatika kwake si dalili kwamba tafakuri imeshindikana.

Lakini maneno ninayotaka tukae nayo wiki hii yamo katika beti za mtawa Puṇṇikā, ambazo katika Therīgāthā, kitabu cha beti za watawa wa kike wa kale, ni za 236 hadi 251. Anajitambulisha kwa neno moja, udahārī, yaani mchota maji. Maelezo ya kale yanasema alizaliwa mtumwa katika nyumba ya Anāthapiṇḍika, tajiri mfuasi wa Buddha, katika mji wa Sāvatthī huko India. Kila siku ya baridi aliteremka mtoni kwa kuogopa fimbo na matusi ya mabibi zake, na huko akamkuta Mbrahmani, mtu wa tabaka la makuhani, akitetemeka ndani ya maji. Akamuuliza: wewe unamwogopa nani hata ukaingia humu? Mzee akajibu kwamba yeyote aliyetenda uovu, awe kijana au mzee, huondokana nao kwa dakābhisecana, kuoga majini.

Jibu la Puṇṇikā ni kali, na nadhani lina kicheko ndani yake. Ni nani huyo asiyejua aliyemwambia hayo mwenzake asiyejua? Basi vyura na kobe wote watakwenda mbinguni, pamoja na nyoka, mamba na kila kiishicho majini. Na wavuvi, wawindaji na wezi nao watajinyunyizia maji na kuwa huru. Tena, kama mito hii inachukua uovu uliotenda, itachukua na wema wako pia, nawe utabaki mtupu. Kisha anamwambia aache kutenda lile analoliogopa, baridi isije ikamuumiza ngozi bure.

Tuangalie ni nani anayesema. Wote wawili wanaingia katika mto mmoja, baridi ile ile, na wote kwa hofu. Ila Puṇṇikā hakujichagulia kuingia, wala hakupewa nafasi ya kudhani kwamba kuloa kunamtakasa mtu. Mbrahmani akakubali, akataka kumpa nguo aliyokuwa nayo. Puṇṇikā akaikataa, akamwelekeza kwa Buddha, Dhamma na Sangha, jumuiya ya wafuasi wake. Mwishoni mzee anajiita nhātaka, aliyeoga, jina ambalo Wabrahmani walimpa mtu aliyehitimu masomo yake na kuoga maji ya kuhitimu. Analitwaa baada ya kuacha kuutegemea mto.

Hapo tunaweza kulisoma vizuri neno sotāpanna, aliyeingia mkondoni, ambalo ni hatua ya kwanza ya wale walio katika njia adhimu. Miongoni mwa pingu tatu anazokata mtu huyo imo sīlabbataparāmāsa, kung'ang'ania kanuni na ibada kana kwamba zenyewe ndizo zinazotakasa, nayo ndiyo iliyomweka mzee yule katika maji ya baridi. Buddha alipomuuliza mwanafunzi wake mkuu Sāriputta mkondo huu ni nini, Sāriputta alijibu kwamba ni Njia Adhimu yenye sehemu nane: mtazamo sahihi, nia sahihi, usemi sahihi, matendo sahihi, riziki sahihi, juhudi sahihi, uzingativu sahihi na utulivu sahihi wa akili. Alipoulizwa aliyeingia mkondoni ni nani, alimtaja yule aliye na njia hiyo, awe na jina gani au ukoo gani, bila kutaja mto wowote.