Printa ya waya wa USB, sasa nyumba nzima inaprinti

Printa yetu ni ya leza, nyeusi na nyeupe, haina wai-fai wala tundu la waya wa mtandao, ina USB basi. Miaka yote hiyo mtu akitaka kuprinti inabidi anitumie faili halafu asubiri niwashe kompyuta yangu, na watoto kazi za shule wanazikumbuka saa nne usiku nishalala. Kila mtu ananiambia nunua mpya, sikutaka kabisa, printa nzima, tona ipo, uitupe kwa sababu ya waya? Inaniuma kweli.

Kabla hujatoa hela yoyote geuza rauta uangalie nyuma, kama ina tundu la USB ingia kwenye setingi zake, rauta zingine zinaishea printa zenyewe na kazi imeisha hapo. Yangu tundu lipo ila inakubali flashi tu. Windows nayo inashea bure, unaweka tiki kwenye setingi za printa, lakini hiyo kompyuta ikilala hakuna anayeprinti.

Kilichonisaidia ni laptopu ya zamani, kioo kimepasuka, ilikuwa inakula vumbi. Nikaiwekea Linux, mfumo endeshi wa bure badala ya Windows, nikachomeka printa, nikainstoo CUPS, programu inayosimamia printa, na avahi-daemon, halafu nikaandika kwenye terminal sudo cupsctl --share-printers, nikafungua brauza hapo hapo kwenye localhost:631, ukurasa wa setingi za CUPS, nikaongeza printa na kuweka tiki ya kushea. CUPS ipo tangu 1999 na ni bure. Avahi ndiyo inayoitangaza printa kwenye mtandao, kwa hiyo iPhone zinaiona kama AirPrint, njia yao ya kuprinti bila waya, na Android nyingi zinaiona pia, huinstoo kitu kwenye simu.

Sasa hapa pa draiva, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, naomba usome taratibu maana ndipo watu wanapopoteza hela. Printa nyingi za leza za bei ya chini hazina akili yao wenyewe, ukurasa unapikwa kwenye kompyuta kwanza ndio unatumwa, bila draiva yake inatoa karatasi za herufi za ajabu ajabu au haitoi kitu. Na wengi wanashauri ununue Raspberry Pi Zero W, kompyuta ya kibodi kimoja cha saketi, ni kadogo na kanakula umeme kidogo sana, ni kazuri, ila kana prosesa ya ARM na draiva nyingine za watengenezaji zimetengenezwa kwa prosesa za kompyuta za kawaida tu. Yangu ndivyo ilivyo, ndio maana nikabaki na laptopu. Tafuta modeli ya printa yako kwenye orodha ya OpenPrinting, tovuti inayoonyesha printa zinazokubali Linux, kwanza, kununua baadaye.

Laptopu ukiifunga inalala, kwa hiyo kwenye faili la /etc/systemd/logind.conf andika HandleLidSwitch=ignore, iwashe upya. Halafu rauta iambie iitunzie laptopu anwani moja ya IP, yaani namba yake kwenye mtandao, mimi sikufanya hivyo mwanzoni, siku umeme ulipokatika ukarudi anwani ikabadilika na kompyuta niliyoiunga kwa IP ikaacha kuprinti, nikahangaika jioni nzima. Na mtu akiwa kwenye wai-fai ya wageni hataiona printa, hiyo inatengwa makusudi.

Jana usiku nikiwa kitandani nimesikia printa inavuta karatasi huko sebuleni, ni mtoto anatuma kazi yake toka chumbani kwake, wala hakuniita.